Dhana ya Marejeo katika Usanifu wa Bodi Zipindikazo za Saketi kwa Ishara za Kasi

1.0 Utangulizi

Ndani ya simu ya mkononi, kamera na kompyuta ya kupakata mna tando nyembamba za plastiki ya rangi ya kaharabu zilizobeba njia za shaba. Tando hizo ni bodi za saketi. Zinatofautiana na bodi za kawaida kwa kuwa zaweza kupindwa ili zipite penye nafasi finyu au penye bawaba ya kifaa. Usanifu wake huwa mgumu zaidi zinapotakiwa kupitisha ishara za kasi. Makala haya yanakusudia kufafanua ugumu huo na kuonyesha kwamba sehemu yake kubwa inahusu dhana moja, yaani njia ambayo mkondo wa umeme huifuata unaporudi ulikotoka. Hoja kuu ni kwamba istilahi inayoteuliwa kwa dhana hiyo yaweza kumwongoza au kumpotosha mwanafunzi anayejifunza fani hii kwa Kiswahili.

2.0 Kupindika, Kukunjika na Kunyumbuka

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana hapa. Kitu kikikunjika, hubaki na alama ya mkunjo. Kikinyumbuka, huvutika kisha hurudia urefu wake. Kikipindika, hubadili mwelekeo bila kulazimika kupata alama wala kurefuka. Bodi inayojadiliwa inatarajiwa kupindika. Ikikunjwa, njia za shaba zaweza kukatika. Ikivutwa, shaba haina unyumbufu wa kustahimili. Ndiyo maana jina 'bodi zipindikazo' limependelewa hapa badala ya 'bodi nyumbufu'.

Hata hivyo, kupindika kokote huleta mvuto kiasi. Upande wa nje wa mpindo huvutwa, upande wa ndani hubanwa, na kati ya pande hizo pana tabaka lisilovutwa wala kubanwa. Mvuto wa uso wa nje hukadiriwa kwa kugawanya nusu ya unene wa bodi kwa nusu kipenyo cha mpindo. Bodi yenye unene wa milimita 0.2 ikipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 10, uso wake wa nje hurefuka kwa asilimia 1. Nusu kipenyo kikipunguzwa hadi milimita 2, urefukaji hufikia asilimia 5. Kutokana na hesabu hiyo, msanifu huifanya bodi iwe nyembamba, huiweka shaba karibu na katikati ya unene, na huyaepusha na mpindo matundu yanayounganisha matabaka.

3.0 Ishara ya Kasi

Kasi ya ishara haihukumiwi kwa idadi ya mapigo kwa sekunde peke yake, bali hasa kwa muda ambao volteji huuchukua kupanda. Katika poliimidi, ambayo ndiyo plastiki itumikayo zaidi katika bodi hizi, ishara iliyozungukwa na kihami hicho husafiri takriban milimita 163 kwa nanosekunde moja. Volteji ikipanda kwa muda wa nanosekunde 0.1, ishara huwa imesafiri milimita 16 tu inapomaliza kupanda. Katika bodi yenye urefu wa milimita 100, mwanzo wa njia huwa umekwisha kubadilika ilhali mwisho wake bado haujapata habari. Hapo njia ya shaba haiwezi tena kuchukuliwa kuwa waya tu. Ni mkondo wa kupitishia wimbi.

Wimbi hilo hutawaliwa na impidansi bainifu. Neno 'impidansi' asili yake ni istilahi iliyobuniwa mwaka 1886 na Mwingereza Oliver Heaviside, mtaalamu aliyechunguza usafiri wa ishara katika nyaya za telegrafu. Dhana hii haina budi kutenganishwa na ukinzani. Ukinzani wa waya hugeuza umeme kuwa joto, na huongezeka waya unaporefuka. Impidansi bainifu ni uwiano wa volteji na mkondo wa wimbi lisafirilo, na haitegemei urefu. Njia ya ohmu 50 ni ya ohmu 50, iwe na urefu wa sentimita 1 au 10. Ishara ikitoka penye ohmu 50 na kuingia penye ohmu 75, asilimia 20 ya volteji yake huakisiwa nyuma. Mwakisiko huo ndio unaoweza kumfanya mpokeaji asome 1 mahali pa 0.

4.0 Tabaka la Marejeo

Impidansi ya njia hutokana na upana wake, aina ya kihami, na umbali kati yake na tabaka la shaba lililo chini yake. Mkondo unaokwenda kwa njia ya juu sharti urudi, na kwa ishara za kasi hurudi hasa katika ukanda mwembamba ulio chini kabisa ya njia hiyo.

Hapa ndipo matakwa mawili yanapogongana. Tabaka zima la shaba huipa ishara marejeo mazuri, lakini huifanya bodi iwe ngumu kupinda. Wasanifu wengi hulitoboa tabaka hilo likawa kama wavu. Wavu hupindika kwa urahisi, tena hupandisha impidansi, jambo linaloruhusu njia ya juu ipanuliwe. Faida hiyo si ndogo: juu ya poliimidi yenye unene wa mikromita 50, njia ya ohmu 50 huwa na upana wa takriban mikromita 100, kihami kikipunguzwa hadi mikromita 25, upana hupungua karibu nusu, na utengenezaji huwa mgumu. Lakini mkondo unaorudi hulazimika kuzunguka matundu ya wavu. Aidha, njia mbili zinazobeba ishara kwa jozi zaweza kupita juu ya sehemu zisizofanana, zikapoteza ulinganifu wake. Kwa hiyo wavu hufaa kwa kasi ya wastani. Kasi ikifikia gigabiti kadhaa kwa sekunde, aghalabu tabaka zima ni bora, na upindikaji hutafutwa kwa kupunguza unene wa shaba na kihami, au kwa kuyaacha matabaka bila gundi penye mpindo ili kila moja lipindike peke yake.

Ama kuhusu istilahi, tabaka hilo huweza kuitwa 'ardhi'. Jina hilo linakumbusha umeme wa majumbani, ambamo waya wa ardhi ni wa usalama na kwa kawaida hubeba mkondo mkubwa inapotokea hitilafu tu. Mwanafunzi mwenye picha hiyo hulichukulia tabaka kuwa jalala la umeme, na haoni hatari ya kulikata kwa mpasuko penye mpindo. Akipima ukinzani wa njia ya juu, ataiona nzima. Lakini juu ya mpasuko marejeo hukosa njia, impidansi hupanda ghafla, na nishati husambaa hadi kuvisumbua vifaa jirani.

Neno 'marejeo' linafaa zaidi. Kitenzi 'rejea' kina maana ya kurudi na pia ya kutazama kitu kama msingi. Tabaka hili hutenda yote mawili: mkondo hurudi kupitia kwake, na volteji hupimwa kwa kulinganishwa nalo. Yawezekana kupinga kwamba 'marejeo' tayari ni orodha ya vitabu mwishoni mwa makala. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa, kwani muktadha na neno 'tabaka' huondoa utata.

5.0 Shaba na Kihami

Katika gigahezi 10 mkondo hupita ndani ya takriban mikromita 0.7 za uso wa shaba. Uso wenye mikwaruzo huongeza upotevu. Shaba iliyobanwa kwa rola kisha kulainishwa kwa joto ina uso laini na hustahimili kupindwa. Hivyo huyatimiza matakwa yote mawili. Poliimidi nayo hunyonya unyevu, na unyevu huo huongeza upotevu wa ishara. Polima ya fuwele kimiminiko hunyonya kidogo sana, ndiyo maana huteuliwa kwa masafa ya juu.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba bodi ipindikayo haina budi kuwa nyembamba na laini bila kuukatia mkondo njia ya kurudi. Imeonyeshwa pia kwamba kuchanganya ukinzani na impidansi, au ardhi na marejeo, si kosa la msamiati pekee: huzaa bodi inayopita kipimo cha fundi na kushindwa kazini. Waundaji wa istilahi wanapaswa kuanza na kazi ya kitu chenyewe, ndipo walitafute jina.