Kamera ya Filamu: Mpiga Video wa Mowlem Anunue au Akodi?

Ijumaa jioni, ndani ya matatu zinazotoka mjini kuelekea Mowlem, si ajabu kumwona kijana aliyepakata begi jeusi asilotaka hata kondakta aliguse. Ndani mna kamera ya kukodi. Ameacha amana na nakala ya kitambulisho dukani, na anapaswa kuirudisha baada ya harusi ya kesho. Njia nzima anajiuliza: fedha hizi ninazolipa kila mara, si ningekuwa nimeshanunua yangu?

Kazi ipo. Katika mitaa hii ya Embakasi West, Nairobi, watu wanarekodi harusi, ruracio na ibada, na tangu janga la Korona la 2020 familia nyingi zimezoea kurusha mazishi moja kwa moja mtandaoni kwa ajili ya ndugu walio mbali. Kuna pia video za muziki. Umoja, jirani wa Mowlem, ndiko walikotoka vijana wa kundi la Ethic, waliotamba mwaka 2018 kwa “Lamba Lolo” na kuupa muziki wa gengetone nguvu.

Tupige hesabu kwa mfano, maana bei hutofautiana duka kwa duka. Kamera ya shilingi 400,000, baada ya miaka mitatu, tuseme utaiuza kwa 160,000. Umepoteza 240,000. Bima na matengenezo vikichukua 30,000 kila mwaka, gharama yako ni 330,000. Kama kuikodi ni 6,000 kwa siku, fedha hizo zinatosha siku 55, yaani 18 hivi kwa mwaka. Mwenye kazi moja kwa mwezi akodi. Mwenye kazi mbili kila mwezi anafikisha siku 72 katika miaka hiyo, na huyo kununua kunamlipa.

Lakini wengi hawanunui kwa fedha taslimu. Mkopo ukiongeza riba ya 90,000, gharama inafika 420,000, sawa na siku 70 za kukodi. Faida ya yule mwenye kazi mbili imekwisha karibu yote, na mwezi mmoja tu wa ukame, kama Januari ya karo, unaimaliza kabisa. Hapo ndipo ninapowaona vijana wenye vipaji wakiumia, na inasikitisha, kwa sababu kosa halikuwa katika kazi yao.

Dola nayo ina neno. Mwanzoni mwa 2024 ilifika shilingi 160 hivi, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Kifaa cha dola 2,000 kilipungua kutoka shilingi 320,000 hadi 260,000 kabla ya ushuru, bila kiwanda kugusa bei. Aliyenunua Januari hakuwa na namna ya kurudishiwa tofauti hiyo.

Kisha kamera huzeeka upesi. Mwaka 2007 RED One iliuzwa dola 17,500 na watu wakaiona rahisi kwa kamera ya sinema. Mwaka 2018 Blackmagic ikatoa kamera yake ndogo ya 4K kwa dola 1,295. Lenzi nzuri, tripodi imara na maikrofoni havishuki thamani kwa kasi hiyo, na mteja husamehe picha yenye giza kidogo kuliko sauti ya kiapo isiyosikika. Ningeanza kununua vifaa hivyo, kamera yenyewe nikaendelea kuikodi.

Anayeona aibu kukodi akumbuke Panavision ya Marekani: kamera zake za sinema haziuzwi, hukodishwa tu, na Hollywood imezitumia hivyo kwa miongo mingi.

Njia ya tatu mnaijua: chama. Wapiga video wanne wakichanga 100,000 kila mmoja, kamera ile ile inafanya kazi Jumamosi ya huyu na Jumapili ya yule, na riba haipo. Andikeni tu mapema nani atalipa ikianguka au ikiibwa usiku kwenye boda, na nani ataitumia kwanza mkigongana, kwa maana harusi za Desemba huangukia siku moja na hapo urafiki hujaribiwa.

Kabla ya kupeleka fedha dukani, fungua ujumbe wako wa M-Pesa wa miezi 12 iliyopita na uhesabu siku ulizolipwa kweli, zile za ahadi uziache. Zikiwa chini ya 18, endelea kukodi.