Pesa chungu: Mmarekani alivyoyatazama maisha ya Nyanza Kusini

MTU akifika kununua fahali katika soko la Ogwedhi, hakuna anayemuuliza noti zake zimetoka wapi. Ogwedhi iko pembeni mwa Kaunti ya Migori, upande wa Trans Mara, na hapo Waluo, Wamaasai na Wakuria huuziana mifugo bila ya kulazimika kujuana. Bei ikikubaliwa, kamba ya ng'ombe hubadilisha mikono na kila mmoja huenda zake. Lakini fahali huyo akitarajiwa kupelekwa kwa wakwe kama mahari, swali ambalo soko halikuliuliza huulizwa nyumbani, tena na wazee: fedha hizi zilipatikana kwa njia gani?

Swali hilo ndilo lililomshughulisha Parker Shipton, Mmarekani aliyefika katika iliyokuwa Wilaya ya Nyanza Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa anthropolojia. Aliishi na kufanya utafiti katika maeneo ya Kagan, ambayo leo yako Kaunti ya Homa Bay, na Kanyamkago, katika Kaunti ya Migori. Baadaye akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Boston, na maoni yake kuhusu maisha ya Waluo, hasa kuhusu fedha, madeni na ardhi, yamejaza vitabu vinne vilivyotoka kati ya mwaka 1989 na 2010.

Hakuwa mgeni wa kwanza kuandika juu ya jamii hiyo. Arthur Carscallen, mmisionari Mkanada wa Kanisa la Waadventista, alifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 na akatunga kitabu cha sarufi ya Dholuo. Mwanaanthropolojia Mwingereza E.E. Evans-Pritchard alipita Nyanza mwaka 1936, akakaa kwa wiki chache tu, na bado maelezo yake juu ya koo za Waluo yakawa marejeo ya wasomi kwa miaka mingi. Wageni hao walitazama zaidi dini, lugha na nasaba. Shipton aliuliza jambo la kawaida zaidi, ambalo kila mwenye nyumba hulijua: shilingi ikiingia bomani, huenda wapi, na kwa nini nyingine hukataa kukaa?

Jibu alilopewa na wanavijiji lilikuwa na jina, pesa makech, yaani pesa chungu. Kitabu chake cha mwaka 1989, Bitter Money, kimechukua jina hilo hilo. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyakusanya, pesa huwa chungu zinapotokana na kuuza ardhi, dhahabu, tumbaku, bangi, au jogoo wa boma. Wizi nao umo katika orodha. Fedha za namna hiyo zinaweza kununua sukari, nguo au pombe bila ya madhara makubwa. Hatari huanza zinapotumiwa kwa mambo yanayofungamana na ukoo na wahenga, na la kwanza katika hayo ni mahari. Ng'ombe walionunuliwa kwa pesa chungu, wanavijiji walimwambia, hufa au hawazai, na mke aliyeolewa kwa ng'ombe hao anaweza kufa pia. Asiyetaka kuyapata hayo hana budi kuzisafisha fedha hizo kwanza kwa tambiko.

Msomaji anaweza kushangaa kumkuta jogoo katika orodha moja na dhahabu. Katika boma la Mluo, jogoo ni alama ya mwenye boma mwenyewe. Kumuuza jogoo wa nyumba ni kana kwamba mtu amejiuza yeye na mamlaka yake, hata kama bei haikutosha kununua kilo mbili za nyama. Ardhi nayo ndimo walimolala waliotangulia. Dhahabu hutoka ndani ya ardhi hiyo hiyo na humwangukia mchimbaji kwa bahati, si kwa jasho la msimu mzima. Tumbaku na bangi, kabla ya kuwa bidhaa, zilikuwa vitu vya wazee, vya kuvutwa kwa utulivu na kuhusishwa na mizimu. Zilipogeuka zao la biashara, kijana aliyekuwa na nusu eka aliweza kumpita baba yake kwa fedha katika msimu mmoja.

Hapo ndipo penye hoja ya Shipton. Kwake, uchungu hauko katika bidhaa yenyewe, na wala si imani ya watu wasioelewa biashara. Mahindi huuzwa kila wiki na hakuna anayeyaita machungu. Kinacholaaniwa ni faida ya mtu mmoja iliyopatikana kwa kugusa kilicho cha wengi: ndugu, watoto ambao hawajazaliwa, na wafu. Pesa chungu ni lugha ya kusema kwamba mtu ameuza kisichokuwa chake peke yake. Ni maelezo yenye nguvu, kwani yanamfanya mwanakijiji kuwa mtu mwenye hesabu zake, wala si kikwazo cha maendeleo kama ripoti nyingi za wakati ule zilivyomchora.

Waluo hawako peke yao katika fikra hii. Mwaka 1980 Michael Taussig, mwanaanthropolojia kutoka Australia, alichapisha utafiti wake juu ya wakata miwa wa Kolombia, waliosimulia kwamba wapo wenzao waliofanya mapatano na shetani ili walipwe zaidi. Fedha hizo, walisema, zilikuwa tasa: shamba lililonunuliwa kwazo halizai na mnyama hanenepi. Huko nako mtu aliweza kuzitumia kwa anasa, lakini si kwa kujenga maisha.

Zao la tumbaku linaonyesha kwa nini jambo hili halikubaki katika mazungumzo ya wazee. Kilimo chake cha mkataba kilienea Migori tangu miaka ya 1970. Mkulima hupewa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, hupanda, huchuma, na hukausha majani kwa moto wa kuni usiku na mchana, kisha deni hukatwa katika malipo kabla hajaziona fedha. Vilima vilipoteza miti, na watoto walifanya kazi mashambani na kwenye mabanda ya kukaushia. Zikija, fedha huja kwa mkupuo, na ni mume ambaye kwa kawaida hutia sahihi mkataba na kupokea malipo, ingawa jasho kubwa ni la mke na watoto. Si ajabu kwamba fedha za namna hiyo zilionekana kupita bomani kama upepo. Uchungu wa wahenga na uchungu wa hesabu, katika jambo hili, havikuwa mbali.

Mwaka 2022 mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, lile la afya, la chakula na kilimo, na la mpango wa chakula, yaliungana na serikali ya Kenya kuwasaidia wakulima wa Migori kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Walioingia walipewa mikopo midogo na kuhakikishiwa soko. Afya ndiyo iliyotangulizwa katika hoja za mradi huo, na ni sawa. Hata hivyo, wazee waliozungumza na Shipton miaka 40 kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kulitilia shaka zao hilo, kwa sababu zao wenyewe.

Dhahabu ina kisa chake. Mgodi wa Macalder, huko Nyatike, ulifungwa mwaka 1966, lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka. Huingia mashimoni kwa nyundo na tochi, na huokota chembe za dhahabu kwa zebaki, sumu inayodhuru ubongo na kuchafua maji. Huko nako fedha za leo hutumika leo, na yapo mazungumzo mengi kwamba dhahabu haijengi.

Ardhi ndiyo iliyomchukua Shipton muda mrefu zaidi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulinuia kumpa kila mkulima Mwafrika hatimiliki, ili aiweke rehani, akope benki, na alime kwa faida. Kwenye karatasi hesabu ilikamilika. Kijijini, hata hivyo, benki ilikuta makaburi. Mluo huzikwa katika boma lake, na kaburi la babu ni ushahidi wa umiliki ambao hausomwi katika daftari la msajili. Nguvu ya ushahidi huo Kenya nzima iliiona katika kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo wake wa Umira Kager ukadai azikwe Nyalgunga, Siaya, na mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki hiyo.

Katika kitabu chake cha mwaka 2009, Mortgaging the Ancestors, yaani kuwaweka wahenga rehani, Shipton anaeleza kwamba mwenye kununua shamba lililonadiwa hukabiliana na ndugu wasioutambua mnada huo na wasiokubali akae. Hatimiliki inampa haki mbele ya sheria; haimpi majirani. Maoni yake ni kwamba rehani ya ardhi, ambayo wataalamu waliiona kuwa ufunguo wa maendeleo, inaweza kuwa mlango wa kumfanya mtu asiwe na pa kuzikiwa, na kwamba waliokataa kuiweka ardhi yao rehani hawakuwa wajinga.

Kuhusu madeni, yeye alikuwa na maneno makali zaidi kwa wafadhili kuliko kwa wakulima. Wafadhili, alisema, hupenda neno mkopo, ilhali anachobaki nacho mkulima ni deni. Tena walimjia wakidhani hakuwa na lolote, kumbe alikuwa amezungukwa na madeni na amana tangu kuzaliwa. Ng'ombe wake wawili wako kwa rafiki wa kijiji kingine, wanalishwa huko ili ugonjwa au wezi wa mifugo wasiwamalize wote kwa siku moja, na mlezi hunywa maziwa yao. Mahari ya bibi yake bado haijakamilika. Kaka alimlipia karo, naye sasa anamlipia mtoto wa kaka. Wakazi wa mpakani kama Ogwedhi, ambako wizi wa mifugo umeleta maafa mara nyingi, hawahitaji kufundishwa faida ya kutoweka mali yote katika zizi moja. Fedha za benki zinapowasili, huingia mwishoni mwa foleni hiyo ndefu, na hulipwa mwishoni. Siku hizi mkopo huja kwa simu, kupitia M-Shwari tangu mwaka 2012, Fuliza tangu 2019 na Hazina ya Hustler tangu Novemba 2022, na hauulizi hatimiliki. Foleni haijafupika.

Maoni haya yamepokewa kwa heshima. Kitabu chake cha mwaka 2007, kilichohusu amana, kilitunukiwa tuzo ya Herskovits ya wataalamu wa masuala ya Afrika nchini Marekani. Lakini mgeni hubaki mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Okot p'Bitek, Mwacholi wa Uganda, aliwashutumu vikali wasomi wa Magharibi kwa kuwavisha Waafrika imani zilizoshonwa Ulaya. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alikuwa ameandika juu ya mila za Waluo kwa Dholuo tangu mwaka 1938, bila ya kusubiri mtu wa kuja kumweleza. Na pesa chungu, ukiisikiliza vizuri, ni hoja inayowafaa wazee wa kiume. Kijana aliyelima tumbaku ili aoe bila ya kumwomba baba yake ng'ombe angeweza kuieleza kwa namna nyingine kabisa, na mke aliyekausha majani hayo kwa njia ya tatu. Waumini wengi wa makanisa nao husema kwamba hawayaamini mambo hayo, na huenda ni kweli hadi siku ya kupeleka mahari.

Sheria ya Kenya yenyewe imeacha nafasi kwa wasiwasi huo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, uuzaji wa shamba katika maeneo ya kilimo ni batili bodi ya ardhi isiporidhia, na chini ya sheria za mwaka 2012 ridhaa ya mume au mke inahitajika kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani. Mzee anayetaka kuuza kipande chake Kanyamkago hufika mbele ya bodi pamoja na mkewe, na mara nyingi na wanawe waliokwisha kuwa watu wazima, akaulizwa kama wote wamekubali, na fedha zitatumika kwa jambo gani.