Nungu wa Baharini na Kikande

Nungu-bahari (jina nimeliazima kwa nungunungu, maana naye ni miiba mitupu) ana meno matano. Akila mwani hukwangua na mwamba wenyewe wa matumbawe. Wapiga mbizi hupima kipande cha mwamba, wakawahesabu waliomo. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa 1968, huwakuta wachache. Kunakovuliwa, wamejaa tele. Kisa? Kikande, samaki mwenye taya za kuwavunjavunja. Tukimmaliza kikande, nungu huzidi, mwamba nao ukazidi kulika. Halafu lawama tunamtupia nani? Nungu! Hata mimi, nikimwona kikande kwenye sinia la mama karanga, huuliza bei tu, nikanunua.