Mlimani na mwanao: nani aseme "tunarudi"?

Disemba inapoingia, shule zimefungwa na misafara ya kuadhimisha Uhuru inajipanga kwenye mageti ya Kilimanjaro. Tangu Luteni Alexander Nyirenda asimamishe bendera na mwenge kileleni mwaka 1961, mlima huu umebeba heshima ambayo Mtanzania haipati kwenye mlima mwingine, na si ajabu mzazi mwenye uwezo kidogo akatamani kuupanda pamoja na mwanawe wa miaka 11 au 13. Mazungumzo ya safari za namna hii huanza na umri: mtoto ataruhusiwa au hataruhusiwa? Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, maana hifadhi imeshalijibu. Anayeelekea kileleni awe ametimiza miaka 10. Swali gumu halina kanuni: mambo yakiharibika juu ya mita 4,000, nani mwenye kauli ya mwisho kwamba safari imeishia hapo? Wengi watajibu, bila kufikiri mara mbili, kwamba ni mzazi. Mimi naona mzazi ndiye asiyefaa kubeba uamuzi huo, na kwamba jambo la busara kuliko yote analoweza kumfanyia mwanawe ni kuukabidhi kwa mtu mwingine kabla hawajavuka geti.

Tutazame kwanza njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo pekee yenye mabanda ya kulala, na mwenye mtoto huvutiwa na paa na kitanda. Geti liko kwenye mita 1,860 hivi. Usiku wa kwanza unalala Mandara, takriban mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720. Kisha usiku huohuo wa tatu, mnamo saa sita, unaamshwa kuianza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895. Madaktari wanaoshughulika na maradhi ya mwinuko hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mwili upewe siku ya kupumzika. Ratiba hii ya siku tano inauvunja ushauri huo mara mbili mfululizo, na kwa kiwango cha maradufu. Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawasawa na ya Tanga au Mombasa, lakini mgandamizo wake ni takriban nusu, kwa hiyo kila pumzi inaleta karibu nusu ya kile ambacho mwili umezoea. Ndiyo maana waongozaji husisitiza "polepole" hadi neno lenyewe linachosha, na ndiyo maana ratiba za siku sita huongeza siku moja ya kukaa Horombo. Lakini ada za hifadhi hutozwa kwa siku, na za malazi kwa usiku. Kila siku inayoongezwa kwa ajili ya usalama ina bei yake, na bei hiyo huzidishwa kwa idadi ya watu wa familia. Shinikizo la kukata siku huanza mezani nyumbani, kikokotoo kikiwa mkononi.

Si kwamba mwili wa mtoto ni dhaifu kuliko wa mtu mzima huko juu. Tafiti zilizopo zinaelekea kuonyesha kwamba watoto hupata ugonjwa wa mwinuko kwa kiasi kinachokaribiana na cha wakubwa, ingawa hupoteza joto haraka zaidi kwa kuwa ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao, na mafua au kikohozi cha karibuni huongeza hatari ya maji kujaa mapafuni. Tofauti kubwa iko kwenye taarifa. Ugonjwa huu mwanzoni hautambuliwi kwa kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa kumuuliza mtu. Kipimo kinachotumika duniani kote, kilichopewa jina la Lake Louise ya Canada, kinamtaka mpandaji mwenyewe aeleze kichwa kinamuuma kiasi gani, kama ana kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Kwa watoto wadogo wasioweza kujieleza, wataalamu nchini Marekani walilazimika kutengeneza kipimo kingine miaka ya 1990, ambacho humtegemea mzazi aseme kama mtoto analialia bila sababu, kama anakula, kama anacheza kama kawaida yake. Mtoto wa miaka 11 anaweza kusema. Tatizo ni kama atasema. Katika malezi yetu mtoto mzuri ni yule asiyelalamika mbele ya wakubwa, anayejibu "sijambo" hata akiwa na homa, anayejua baba ametoa fedha nyingi kwa ajili ya safari hii. Mlete mtoto huyo Kibo, umuulize mbele ya baba yake kama anaweza kuendelea. Jibu lake utakuwa umeshalijua kabla hajafungua kinywa.

Na mzazi mwenyewe yuko katika hali gani? Amelala saa chache, au hakulala kabisa. Nje kuna baridi inayoweza kushuka hadi nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na mteremko wa changarawe unaokurudisha nyuma kila unapopiga hatua. Ubongo wake mwenyewe unapata oksijeni pungufu, na upungufu huo huanza kwa kudhoofisha hukumu kabla haujadhoofisha miguu. Ni kawaida kabisa kwa mtu aliyeathirika kusisitiza kwamba yuko salama. Juu ya hayo ameshalipa, na fedha haitarudi. Ameshawaambia watu kazini na kanisani au msikitini. Halafu kuna cheti: anayefika Gilman's Point au Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, anapata kimoja, anayefika Uhuru anapata kingine chenye hadhi zaidi, na anayegeukia Kibo harudi na karatasi yoyote ya kutundika sebuleni. Hakuna chama cha mpira kinachomteua baba wa mshambuliaji kuwa refa wa fainali, si kwa sababu baba ni mwongo, bali kwa sababu anampenda mwanawe na anataka ashinde.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba hakuna anayemjua mtoto kuliko mzazi wake. Ni kweli. Mama anatambua ukimya wa binti yake ambao mgeni angeuona ni utulivu tu. Anajua kwamba akikataa chai yenye sukari basi kuna jambo. Lakini hoja hiyo inamfanya mzazi kuwa shahidi bora, na haimfanyi hakimu bora. Hizo ni kazi mbili. Shahidi anasema alichokiona: tangu jana jioni hajala, usiku ametapika mara moja, leo haongei. Hakimu anachukua maneno hayo na kuamua. Kipimo cha watoto nilichokitaja kinafuata mgawanyo huohuo: mzazi anatoa taarifa, alama zinajumlishwa, na jumla haimwangalii mtu usoni. Mzazi aliyeondolewa mzigo wa kuamua anaweza hata kuwa shahidi mkweli zaidi, kwa kuwa hahitaji tena kujibishana na matumaini yake.

Wengine watataja waliofanikiwa. Wapo watoto wa miaka 6 na 7 waliowahi kufika Uhuru kwa ruhusa maalumu. Jordan Romero, Mmarekani, aliupanda Kilimanjaro akiwa na miaka 10, na Mei 2010, akiwa na miaka 13, akafika kilele cha Everest pamoja na baba yake na mama yake wa kambo, wakipitia upande wa Tibet kwa kuwa Nepal haikuruhusu walio chini ya miaka 16. Sina sababu ya kuidharau kazi hiyo. Ila ukiitazama vizuri inaunga mkono upande wangu. Ile haikuwa familia ya mapumziko ya mwisho wa mwaka. Baba na mama wa kambo walikuwa wanamichezo wa mbio ndefu za porini, mtoto alikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake, na walikuwa na Masherpa wenye uzoefu kando yao. Mafanikio ya namna hiyo yanatuambia kinachowezekana kwa wachache waliojiandaa hivyo. Mfanyakazi wa ofisini Dodoma anayeamka na mwanawe kwenye banda la Kibo hawezi kuyafanya kinga yake.

Pingamizi la tatu linanisumbua zaidi. Kama si mzazi, basi mwongozaji. Lakini mwongozaji naye ana maslahi. Anategemea bakshishi, kampuni yake inajitangaza kwa idadi ya wanaofika kileleni, na kumwambia mteja aliyelipa kwamba mwanawe anarudi si jambo jepesi kwa kijana aliyeajiriwa kwa msimu. Hata walio bora huteleza. Mei 1996 kwenye Everest, Rob Hall, aliyesifika kwa umakini, alimruhusu mteja aendelee kupanda baada ya saa ya kugeuka kupita. Mteja huyo alikuwa amegeuzwa karibu na kilele mwaka uliotangulia. Wote wawili walikufa, katika dhoruba iliyoua watu wanane. Hili halimrudishii mzazi uamuzi. Linaonyesha tu kwamba hata mwongozaji asiachiwe kuamua akiwa huko juu kwa hisia za dakika ile. Uamuzi mwingi iwezekanavyo ufanywe bondeni, kwa maneno yanayopimika: oksijeni ikishuka chini ya kiwango fulani kwenye kile kifaa cha kubana kidoleni, anarudi. Akitapika mara mbili, anarudi. Akishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, anashushwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku, kwa kuwa kuyumba kwa namna hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Wasipofika ukingo wa kreta saa fulani, wote wanageuka. Bakshishi nayo ikubaliwe mapema, iwe ileile hata msafara ukiishia Horombo. Na mtoto apewe haki moja isiyohitaji maelezo: akimwambia mwongozaji, si baba, kwamba anataka kushuka, wanashuka.

Mapatano hayo yana gharama ambayo ni afadhali ijulikane mapema. Baba aliyekwenda peke yake na mwanawe atapaswa kushuka naye, hata mwongozaji msaidizi akijitolea kumpeleka. Wakienda wazazi wawili, mmoja anaweza kuendelea. Wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wameshashusha watu wengi kwa machela ya gurudumu moja, na watakuambia kwamba mgonjwa anayeanza kushuka akiwa bado anatembea ni kazi nyepesi mno kuliko aliyesubiriwa mpaka akalala.

Kwa wanaoona masharti haya yanaua raha ya safari, milima yetu haina kilele kimoja tu. Kutoka Mandara mtoto anaweza kufika kreta ya Maundi na kukiona kilele cha Kibo chote bila kugusa mita 3,000. Meru, mita 4,566, ina mabanda ya Miriakamba na Saddle, na Meru Ndogo, kama mita 3,820, ni kilele halisi kinachoweza kumtosha kijana wa miaka 12. Mtu anaweza kuianza milima hapo, arudi baada ya miaka michache.

Hifadhi nayo ingeweza kusaidia kwa gharama ndogo sana. Kila mpandaji anaandikishwa getini: jina, umri, njia, kampuni. Kwa aliye chini ya miaka 18 iongezwe nafasi moja kwenye fomu, ya jina la mtu mwenye uamuzi wa kumgeuza, ambaye si mzazi wake, na sahihi ya mzazi kwamba amekubali. Na kwenye geti la kutokea, mtoto aliyelala Horombo akarudi salama apewe cheti cha Horombo, chenye mhuri uleule.