MALAWI: KIJANA ALIYEPEWA SARE

Ndugu wafanyakazi, jirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa waliishi miaka 30 na kikosi cha vijana ambacho hata wazazi wao walikiogopa. Kiliitwa Malawi Young Pioneers, nacho kiliundwa mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Tumejiuliza mara nyingi: vijana wale walivutwa na nini?

Tusidhani waliingia kwa ubaya. Katika kambi kama ile ya Nasawa walifundishwa kilimo bora na ufundi, na baadhi ya walimu wao walitoka Israeli. Kijana aliyeachwa na shule, asiye na mshahara, alipata sare, chakula, wenzake na kazi ya kujenga taifa. Nani angekataa? Sisi wenyewe hatuna hakika kama tungekataa. Lakini pamoja na jembe alikabidhiwa nguzo nne za chama cha Rais Kamuzu Banda: umoja, uaminifu, utii na nidhamu. Na katika gwaride, anayekosea hatua huonekana na wote.

Mwaka 1965 sheria ilirekebishwa, polisi wakazuiwa kumkamata mwanakikosi bila kwanza kushauriana na mkuu wake. Hapo mambo yaligeuka. Sokoni na kwenye kituo cha basi, vijana hao na wenzao wa Umoja wa Vijana wa chama waliwadai watu kadi za chama. Mzee wa umri wa baba yao asiye nayo alirudishwa nyumbani. Mashahidi wa Yehova waliokataa kuinunua walipigwa na kuchomewa nyumba, na mwaka 1972 maelfu yao walikimbilia Zambia. Hatuamini kwamba kila aliyeshika fimbo alikuwa katili. Wengi, kwa maoni yetu, waliogopa tu kuwa yule mmoja asiyepiga.

Wafanyakazi nao walinyamazishwa muda mrefu. Aprili 1992, Chakufwa Chihana, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kusini mwa Afrika, alikamatwa Lilongwe mara aliposhuka kwenye ndege. Mwezi uliofuata, wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha David Whitehead, Blantyre, waligoma wakidai mishahara. Ghasia zikaenea, na zaidi ya watu 30 wakauawa. Juni 1993, katika kura ya maoni, wananchi wengi walichagua vyama vingi.

Desemba mwaka huo ugomvi ulizuka Mzuzu kati ya wanakikosi na wanajeshi, na wanajeshi wakauawa. Jeshi likavamia kambi za kikosi na kuwanyang'anya vijana silaha, katika operesheni iliyoitwa Bwezani, yaani "rudisheni". Baadhi yao walikimbilia Msumbiji. Wengine walivua sare, wakarudi kuishi na wazee wale wale waliokuwa wakiwadai kadi.