Yowe Lisiloitikiwa (Sehemu ya Pili)

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wiki iliyopita nilieleza mshtuko huo. Leo namtazama aliyeumwa, akapiga yowe, na watu wasije.

Kijana mmoja wa hapa Barking, mashariki mwa London, wazazi wake watu wa Mombasa, alinyang'anywa simu kituo cha basi, saa kumi jioni, watu wamejaa. Simu nyingine ilipatikana baada ya mwezi. Lakini hadi leo mtu mzima akimwuliza saa, mtoto hurudi nyuma hatua mbili, mkono mfukoni. Aliyemwibia alikuwa mmoja. Waliogeuza nyuso hakuwahesabu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole.

Kwa miongo mingi watafiti wameuliza swali moja: je, watu wengi wanaaminika, au yafaa kujihadhari? Mtu mzima akijibu, nyuma yake pana maelfu ya wageni waliomtendea wema mdogo mdogo. Kijana wa miaka 13 ana wachache tu, na mmoja mbaya hujaza mizani. Nao vijana walichelewa kuulizwa: utafiti mkubwa wa uhalifu wa England na Wales, ulioanza 1982, haukuanza kuwahoji mara kwa mara wenye miaka 10 hadi 15 mpaka 2009.

Barking inajua gharama ya kutosikiliza. Kati ya Juni 2014 na Septemba 2015, Stephen Port aliwaua hapa vijana wanne wapenda jinsia moja kwa kuwalewesha dawa. Wawili walikutwa katika makaburi yaleyale ya kanisa la St Margaret, majuma matatu tu baina yao, na mama yuleyule aliyekuwa akitembeza mbwa. Marafiki na ndugu waliwaambia polisi kwamba vifo hivi vina mkono wa mtu. Hawakusikilizwa. Dada zake yule wa nne walikataa kunyamaza, ndipo picha za kamera zikatolewa na Port akatambuliwa. Alihukumiwa Novemba 2016. Desemba 2021 jopo la wananchi lililochunguza vifo hivyo lilisema kuwa, kwa uwezekano mkubwa, makosa ya polisi yalichangia vifo vya watatu wa mwisho.

Habari kama hiyo haikai makaburini. Huingia majumbani, vijana wakaisikia.

Nilimwuliza yule wa kituo cha basi kwa nini hakwenda polisi kuripoti. Akanitazama kwa heshima zote.

"Ili wafanye nini, ami?"