Mbu wa Misungwi na Sumu Anayojipikia

Mbu wamo ndani ya kikombe cha karatasi. Kimefunikwa kwa kipande cha neti, na juu ya neti kuna pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, wasije wakafa njaa kabla ya kufa kwa kilichokusudiwa. Usiku waliingia kwenye kibanda cha majaribio katika kijiji cha Mwagagala, wilayani Misungwi, wakamkuta mtu amelala ndani ya chandarua kilichotobolewa matundu makusudi, kana kwamba kimeshatumika miaka. Alfajiri walinyonywa kwa mrija, mmoja mmoja, wakatengwa: aliyeshiba damu, aliyekosa, aliyekufa. Hawa wa kikombeni ni wazima. Kesho yake wengi bado ni wazima.

Kwa kipimo walichozoea wataalamu wa mbu, hadithi ingeishia hapo. Saa 24 zimepita, mbu yu hai, dawa haifai. Ila kwa chandarua hiki kikombe hakimwagwi. Kinarudishwa mahali pake na kuangaliwa tena saa ya 48, kisha ya 72, na katika siku hizo za nyongeza ndipo mbu wanapoanza kulala chali.

Dawa inayoua polepole hivyo inaitwa klofenapiri. Vyandarua vilivyogawiwa Tanzania kwa miaka mingi vilitiwa dawa za ukoo mwingine, pairethroidi, ambazo hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu na kumwangusha papo hapo. Zilifanya kazi nzuri mno, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa matatizo. Mbu wachache waliozaliwa na uwezo wa kuzihimili ndio waliobaki kutaga mayai. Mkoani Mwanza shinikizo hilo halikutoka chumbani peke yake, kwa sababu pamba, zao la Wasukuma tangu enzi za wakoloni, nayo hunyunyiziwa dawa za ukoo huohuo.

Mbu sugu anajiokoaje? Kwa sehemu kubwa, kwa vimeng'enya. Mwilini mwake mna jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunjavunja sumu, kama ini linavyofanya kwa binadamu. Kwa mbu sugu, baadhi ya jeni hizo hufanya kazi kupita kiasi. Jeni iitwayo CYP6P9a imefahamika sana kwa mbu wa kusini mwa Afrika; nyingine, CYP9K1, imeonekana kwa mbu wa Uganda. Pairethroidi inaingia, vimeng'enya vinaivamia, mbu anaendelea na safari yake kuelekea kwenye mguu wako.

Hapo ndipo klofenapiri inapomtega. Inapoingia mwilini bado haijawa sumu kali. Vimeng'enya vilevile vinavyomwokoa na pairethroidi huirukia na kuibadilisha, na kile kinachotokana na mabadiliko hayo ndicho sumu yenyewe: huzuia seli zisitengeneze nguvu, mbu akaishiwa kama taa ya chemli iliyokauka mafuta. Kwa maneno mengine, anajipikia mwenyewe. Ndiyo maana kumpima mchana, akiwa amepumzika, kunaweza kumpa mtafiti jibu la uongo. Usiku, mwili wake ukiwa kazini, ndipo mapishi yanapokolea.

Kueleza hivyo maabara ni jambo moja. Kuonyesha kwamba watoto wa wilaya nzima wataugua kidogo zaidi ni kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo iliongozwa na Dkt. Jacklin Mosha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo cha Mwanza, pamoja na wenzake wa KCMC Moshi, London na Ottawa. Waligawanya sehemu kubwa ya Misungwi katika maeneo 84. Mwishoni mwa Januari 2019, kwa siku 3 tu, kuanzia tarehe 26 hadi 28, waligawa vyandarua zaidi ya 147,000. Aina zilikuwa 4: chenye pairethroidi peke yake na vingine 3 vyenye pairethroidi iliyoongezewa kitu. Kimoja kiliongezewa PBO, inayovifunga mikono vimeng'enya. Kingine pairiproksifeni, inayomharibia mbu uzazi. Na cha mwisho klofenapiri. Nani apate kipi iliamuliwa kwa bahati nasibu.

Baada ya miaka 2, watoto wa miezi 6 hadi miaka 14 walichomwa kidole na kupimwa. Katika maeneo ya chandarua cha kawaida, watoto 45.8 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya PBO, 40.7. Ya pairiproksifeni, 37.5. Ya klofenapiri, 25.6. Kwa klofenapiri, visa vya watoto kuugua malaria ndani ya miaka hiyo 2 vilikuwa chini kwa asilimia 44 ukilinganisha na chandarua cha kawaida. Matokeo yalichapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua vya klofenapiri, likitegemea Misungwi na jaribio jingine la Benin.

Tuangalie tena namba ya kwanza. Karibu nusu ya watoto walikuwa na vimelea, wakati utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 8 kwa walio chini ya miaka 5. Umri wa watoto haulingani, kwa hiyo hesabu hizi haziwekwi kwenye mizani moja, lakini pengo ni kubwa. Wapo wanaolisingizia Ziwa Victoria. Lakini maji mapana yenye mawimbi na samaki si makazi mazuri ya kiluwiluwi. Mbu anayetawala Misungwi, Anopheles funestus, hupenda maji yaliyotulia, ya kudumu, yenye majani pembeni: malambo ya kunyweshea ng'ombe, kingo za mito, mabwawa. Ukame ukija na ng'ombe wakabakiwa na lambo moja, naye mbu analo hilohilo.

Kumtambua kwa macho hakutoshi, maana ana ndugu wanaofanana naye kama pacha, na baadhi yao hawana madhara makubwa. Kwa hiyo hukatwa mguu, ukatiwa kwenye kichupa na vinasaba vyake kusomwa. Kichwa na kifua hupimwa kando, kuona kama amebeba vimelea.

Mbu huyohuyo ndiye anayefanya habari za Bagamoyo zipokewe Mwanza kwa furaha yenye tahadhari. Desemba 2025, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, NIMR na Imperial College London walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyotengeneza huko Bagamoyo, Tanzania, mbu waliobadilishwa jeni, ambao hudumaza vimelea vilivyotoka katika damu ya watoto wa Kitanzania. Jeni walizopandikizwa zinatoa protini ndogo mbili, moja yenye asili ya chura, nyingine ya sumu ya nyuki. Kimelea kinachelewa kukua, na mbu, ambaye maisha yake ni mafupi, anakufa kabla hakijawa tayari kuambukiza. Mbu hao wamefungiwa maabara na hawajaachiwa popote.

Siku jaribio la nje likifika, visiwa vya Ziwa Victoria vinatajwa mara nyingi, kwa kuwa maji ni uzio. Lakini ni uzio wenye mianya: watafiti waliosoma vinasaba vya mbu wa visiwa vya Ssese, Uganda, waliwakuta wanatofautiana na wa bara, ila hawakujitenga nao kabisa. Idhini ya wakazi na ya serikali nayo haipatikani kirahisi. Agosti 2025 Burkina Faso ilisimamisha mradi wa mbu waliobadilishwa jeni nchini mwake. Na mbu wa Bagamoyo ni Anopheles gambiae. Funestus wa malambo ya Misungwi ni mgumu hata kufugwa maabara, achilia mbali kubadilishwa jeni.

Hadi hapo, chandarua ndicho kilichopo. Mwaka wa 3 wa jaribio hakuna aina hata moja iliyodumu miaka 3 inayotarajiwa. Vilichanika kwenye chaga za vitanda, vikapungukiwa dawa, watu wakaviacha. Watafiti walikusanya baadhi yake kutoka vyumbani mwa watu wa Misungwi, wakavitundika kwenye vibanda vya Mwagagala na kumlaza mtu ndani yake. Asubuhi mirija ikanyonya mbu, vikombe vikajazwa, pamba ya sukari ikawekwa juu, na hesabu ya saa 72 ikaanza upya.